Je, mtu anaweza kuoteshwa mchoro uliopotea?

Riwaya hizi zina mtindo wake, na ukishasoma tatu tu unaujua. Kuna dada mmoja, mara nyingi ni fundi wa kukarabati michoro ya kale. Usiku anaota ukumbi mkubwa, farasi wanang'atana, na kijana asiyemfahamu ananyoosha kidole kuelekea ukutani. Ndoto inarudi usiku wa pili, inarudi wa tatu. Mwishowe anapanda ndege hadi Florence, Italia, na kumbe yule kijana yupo kweli, amekaa mgahawani anakunywa kahawa. Na nyuma ya ukuta, palepale alipoonyeshwa, kuna mchoro wa zama za Renaisansi, ule mwamko wa sanaa na elimu uliotikisa Ulaya karne ya 15 na 16. Mchoro umepotea kwa miaka 500. Wanaupata, wanapendana, kitabu kinaisha.

Nazipenda riwaya hizi, sitaficha. Lakini ukisomea ubongo unapata ugonjwa wa kuuliza maswali hata pale watu wanapobusiana. Hiyo ndoto inawezekana? Ubongo uliolala unaweza kukuletea picha ambayo hujawahi kuiona popote? Na huo mchoro nyuma ya ukuta, upo?

Kiswahili kinatupa maneno mawili mazuri kwa kazi hii. Kuna kuota na kuna kuoteshwa. Anayeota, ndoto ni yake mwenyewe. Aliyeoteshwa amepewa: dawa, jina la mtoto, mahali mali ilipofichwa. Dada wa riwaya hakuota tu, ameoteshwa. Swali letu leo basi ni hili: ukitoa kidonge cha mapenzi, hiyo "-eshwa" inatoka wapi?

Hadithi ni ya zamani kuliko unavyodhani

Usidhani mtindo huu ni wa waandishi wa juzi. Mwaka 1499, mjini Venice, mchapishaji Aldus Manutius alitoa kitabu chenye jina la kuvunja ulimi: Hypnerotomachia Poliphili. Ukilifungua jina hilo unapata kitu kama "vita vya mapenzi katika ndoto ya Poliphilo". Kijana Poliphilo amekosa usingizi kwa sababu ya Polia, binti anayempenda. Anapolala hatimaye, anaota amepotea msituni, kisha ndani ya ndoto hiyo analala tena na kuota ndoto nyingine. Anapita kwenye magofu, piramidi na mabustani akimtafuta. Anampata, na anapomkumbatia, anaamka. Polia hayupo.

Kitabu kina picha zaidi ya 170 zilizochongwa kwenye mbao, na hakina jina la mwandishi. Ila ukichukua herufi ya kwanza ya kila sura, sura zote 38, unapata sentensi ya Kilatini isemayo kwamba Ndugu Francesco Colonna alimpenda sana Polia. Yaani fumbo, mapenzi, ndoto na sanaa, vyote ndani ya kitabu kimoja, wakati Leonardo da Vinci bado yu hai. Mwaka 2004 Wamarekani wawili, Ian Caldwell na Dustin Thomason, walitoa riwaya ya The Rule of Four ambayo wahusika wake wanahangaika na fumbo la kitabu hikihiki. Kwa hiyo mzee, mzizi ni mrefu.

Kinachonivutia ni kwamba mwandishi wa 1499 alikuwa makini kuliko wengi waliomfuata. Poliphilo anaamka mikono mitupu. Hakuna alichopewa.

Usiku ndani ya fuvu

Sasa twende maabara. Mwaka 1953 mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Chicago, Eugene Aserinsky, na msimamizi wake Nathaniel Kleitman, walichapisha makala fupi katika jarida la Science. (Ndiyo, mwanafunzi kama sisi. Mmoja wa watu wa kwanza aliowajaribia mashine yake alikuwa mwanawe mdogo. Nadhani mtoto hakudai posho.) Waligundua kwamba kuna vipindi usiku ambapo mboni za aliyelala hukimbia huku na huku chini ya kope. Usingizi huo leo unaitwa REM. Waliwaamsha watu mara 27 katika vipindi hivyo, na mara 20 walisimulia ndoto yenye maelezo mengi. Waliwaamsha mara 23 macho yakiwa yametulia, na mara 19 hawakukumbuka chochote. Miaka ya baadaye ilionekana kwamba watu huota nje ya REM pia, ila ndoto za REM ndizo mara nyingi huwa ndefu na zenye sinema zaidi.

Katika miaka ya 1990 watafiti walianza kupiga picha za ubongo ukiwa kwenye REM, na picha hizo zinaeleza mengi kuhusu yule dada wa riwaya. Sehemu zinazoshughulika na picha zinafanya kazi kwa nguvu. Sehemu za hisia, hasa amigdala, zinawaka. Lakini eneo la pembeni la ubongo wa mbele, lile tunalolitumia kupima jambo na kusema "ngoja kwanza, hii haiwezekani", limepoa. Na kemikali iitwayo noradrenalini, ambayo mchana hutusaidia kuwa macho na kushika mambo, inakaribia kuzimwa kabisa.

Weka hayo yote pamoja. Unaona vizuri, unahisi kwa nguvu, hushuku kitu, na ukiamka unasahau haraka. Ndiyo maana unaweza kuota mtu usiyemjua na ukaamka umempenda mpaka kifua kinauma. Hisia imewashwa bila kusubiri ushahidi. Kwa kawaida mchana hisia hufuata jambo: umemwona mtu, amecheka, amekusaidia, moyo ukahama. Usiku hisia inaweza kutangulia, halafu picha zinakuja kuipatia sababu.

Hapa niseme kidogo kuhusu ile habari inayozunguka mitandaoni kwamba "kila sura unayoiota umewahi kuiona mahali". Imeandikwa kwa kujiamini sana, lakini jiulize ingepimwaje. Ungehitaji orodha ya kila sura uliyowahi kupishana nayo Kariakoo, kwenye basi, kwenye televisheni, tangu uzaliwe. Hakuna orodha hiyo. Ubongo unaweza kuunganisha pua ya huyu na macho ya yule, na ndani ya ndoto hakuna kioo cha kulinganisha. Achana nayo.

Picha bila risiti

Jaribio ninalotaka ulikumbuke ni la mwaka 2000. Robert Stickgold na wenzake wa Harvard waliwachezesha watu 27 mchezo wa kompyuta wa Tetris, ule wa vipande vinavyoanguka na wewe unavipanga. Walicheza saa 7 ndani ya siku 3. Usiku, wakati usingizi unaanza kuwachukua, waliulizwa wanaona nini. Wengi waliona vipande vinaanguka. Hilo halishangazi, hata wewe ukishinda shambani ukichuma kahawa, ukifumba macho unaona buni.

La kushangaza ni hili. Kati ya wale 27 walikuwemo watu 5 wenye ugonjwa mzito wa kusahau, kwa sababu sehemu ya ubongo iitwayo hipokampasi ilikuwa imeharibika. Watu hawa hawakukumbuka kwamba wamewahi kucheza mchezo huo. Kila kikao walihitaji kuelekezwa upya, kama vile ndiyo mara ya kwanza. Na bado, 3 kati ya hao 5 walisema wakati wa kusinzia kwamba wanaona maumbo yale yakianguka. Hawakujua ni ya nini wala yametoka wapi.

Tulia hapo kidogo. Picha imehifadhiwa, lakini habari ya ilikotoka haikuhifadhiwa. Ni kama mzigo umeletwa mlangoni bila risiti. Umefungua, kitu kipo, ni kizuri, na hukumbuki kukiagiza. Mtu mwenye mzigo wa namna hiyo atasema nini? Atasema amepewa.

Sisi wenye hipokampasi nzima tunapata hali hiyohiyo kwa kiasi kidogo, tena mara nyingi. Umewahi kutunga wimbo ukausifu, kisha rafiki akakuambia huo ni wa fulani, ulipigwa redioni mwaka juzi? Ulikuwa na wimbo, ulipoteza risiti. Kwa hiyo dada wa riwaya anaweza kabisa kuota farasi wanang'atana na wapiganaji wenye vinywa wazi. Inatosha kwamba akiwa na miaka 9 alikaa sehemu ya kusubiri daktari, akafunua gazeti lililochakaa, akaiona picha ile sekunde 10, kisha akaitwa ndani. Miaka 20 baadaye anakarabati michoro ya farasi kutwa nzima, na usiku ubongo unatoa gazeti lile bila kumwambia ni gazeti.

Anachoweza kurudishiwa ni alichowahi kukipokea, au vipande vya hicho vilivyopangwa upya. Ukuta ambao hajawahi kuuona, na kilichofichwa nyuma yake, hakina njia ya kuingia. Macho hayakupita pale.

Utauliza, je, hatuwezi kuingia ndani ya ndoto yenyewe tukaangalia? Tumeanza, kwa mlango wa nyuma. Mwaka 2013 watafiti wa Kyoto, Japani, waliwalaza watu watatu ndani ya mashine ya MRI, wakawaamsha takriban mara 200 kila mmoja na kuwauliza wameona nini. Kisha wakafundisha programu ya kompyuta kukisia aina ya kitu kilichoonekana kwa kutazama ubongo tu. Ilipopewa vitu viwili ichague kimoja, ilipatia kwa wastani mara 60 katika 100. Kubahatisha kungeipa 50. Ni hatua kubwa, nasema kweli. Lakini inatofautisha kitu kama mtu na jengo, tena kwa kubabaisha. Kusoma saini ya mchoraji kwenye kona ya mchoro ulioota, bado sana.

Ukuta wenyewe

Sasa kuhusu mchoro. Waandishi wakitaka mchoro wa kupotea hawana haja ya kubuni, maana upo wa kweli wenye sifa zote. Unaitwa Vita vya Anghiari.

Mwaka 1503 serikali ya Jamhuri ya Florence ilimpa Leonardo da Vinci kazi ya kuchora ushindi wao wa mwaka 1440 dhidi ya jeshi la Milan, kwenye ukuta wa ukumbi wa baraza katika jengo linaloitwa leo Palazzo Vecchio. Mkataba wa Mei 1504 una jina la Niccolò Machiavelli, aliyekuwa katibu wa serikali. Kisha, kana kwamba wanatafuta ugomvi, wakampa Michelangelo kuchora vita vingine kwenye ukumbi uleule. Wawili hawa hawakupikika chungu kimoja.

Leonardo alichora kwanza kwenye karatasi kubwa. Katikati kuna farasi na wapanda farasi wakigombania bendera, sura zimekunjamana kwa hasira, hata farasi wanaumana. Kisha ikafika siku ya ukuta. Katika daftari lake lililoonekana tena miaka ya 1960 katika Maktaba ya Taifa mjini Madrid, Leonardo ameandika kuhusu tarehe 6 Juni 1505: wakati tu anaweka brashi, hali ya hewa ikachafuka, karatasi ikachanika, chombo cha maji kikavunjika, na mvua ikanyesha mpaka jioni. Mwandishi wa riwaya angeandika hivyo tungemwambia amezidisha.

Mchoro wa ukutani kwa kawaida ulipakwa juu ya plasta mbichi, mbinu iitwayo fresko. Plasta inakauka na rangi na kuishika. Ubaya wake ni kwamba lazima uende haraka, kipande kwa kipande, na Leonardo hakuwa mtu wa haraka. Alitaka rangi ya mafuta, ambayo unaweza kurudia na kurekebisha. Lakini mafuta juu ya ukuta ni kesi nyingine. Hayakauki kwa kupoteza maji. Yanaganda polepole yakishirikiana na hewa, na ukuta ukiwa haukuandaliwa vizuri, yanafyonzwa hapa na kuchuruzika pale. Masimulizi ya karne ya 16 yanasema kazi iliharibika. Mwaka 1506 Leonardo aliondoka kwenda Milan, na hakuimaliza.

Miaka ya 1560 mtawala mpya wa Florence, Cosimo wa ukoo wa Medici, alimwagiza Giorgio Vasari kuupamba upya ukumbi. Vasari alipandisha dari na kufunika kuta kwa michoro ya vita vyake mwenyewe. Juu kabisa kwenye mmoja wa michoro hiyo, zaidi ya mita 10 kutoka sakafuni, kuna bendera ndogo ya kijani yenye maneno mawili ya Kiitaliano: cerca trova. Tafuta, utapata.

Unaona mwenyewe kitakachotokea.

Miaka ya 1970 mhandisi Maurizio Seracini aliyaona maneno hayo, na wazo lilimkaa kwa maisha yake yote. Labda Vasari, aliyemheshimu sana Leonardo, hakutaka kuuharibu mchoro. Labda alijenga ukuta mbele yake na kuacha ishara. Na wazo hilo lilikuwa na mguu wa kusimamia. Katika kanisa la Santa Maria Novella, palepale Florence, Vasari aliweka madhabahu mbele ya mchoro wa Masaccio uitwao Utatu bila kuuharibu, na watu waliukuta mzima karne ya 19. Rada iliyopitishwa kwenye ukuta wa ukumbi ilionyesha pia kwamba kuna mwanya mwembamba nyuma ya kazi ya Vasari. Hebu fikiria wewe ndiye Seracini. Ungelala?

Mwishoni mwa 2011 walipata ruhusa. Walitoboa matundu 6 kwenye mchoro wa Vasari, katika sehemu zenye nyufa au zilizowahi kukarabatiwa, wakaingiza kamera nyembamba ya mrija, kama ile madaktari wanayotumia kuangalia tumbo. Machi 2012, meya wa Florence wakati huo, Matteo Renzi, akiwa kando yao, walitangaza kwamba wamepata unga mweusi wenye manganizi na chuma, unaofanana na rangi ambazo Leonardo alitumia katika Mona Lisa.

Magazeti yalilipuka. Lakini tazama ushahidi kwa macho makavu. Manganizi na chuma ndivyo vinavyoipa rangi udongo wa kahawia ambao wachoraji wa Italia waliutumia kila siku. Ni kama ukute masizi jikoni na kusema hapa alipika mama yangu, maana na yeye alikuwa na masizi. Inawezekana, ila masizi hayo wanayo wote.

Si kila mtu alifurahia matundu yale. Wanahistoria wa sanaa zaidi ya 100 walitia saini kupinga. Cecilia Frosinini, mtaalamu wa taasisi ya ukarabati ya Florence, alijitoa kwenye kazi hiyo kwa sababu haikumwingia akilini kutoboa mchoro uliopo kwa ajili ya mchoro unaodhaniwa. Kabla 2012 haijaisha, kazi ilisimamishwa.

Na maneno ya kwenye bendera? Kuna maelezo mengine, na kwangu yana uzito. Vita alivyochora Vasari vilipiganwa mwaka 1554, na upande ulioshindwa walikuwemo watu wa Florence waliokimbia utawala wa Cosimo. Walibeba bendera za kijani zenye maneno ya mshairi Dante kuhusu kutafuta uhuru. Walitafuta, na walichopata ni kipigo. Kwa maelezo hayo Vasari anawakejeli wapinzani wa bosi wake. Hakuna ramani ya hazina pale, ni kijembe tu, kama vile vya kwenye kanga.

Oktoba 2020, kundi la wataalamu, Frosinini akiwa mmoja wao, lilitoa hitimisho lake mjini Florence baada ya kupitia nyaraka na vifaa vilivyonunuliwa kwa kazi ya Leonardo. Walisema kwamba maandalizi ya ukuta, mchanganyiko wa jasi na mafuta, yalishindwa, na kwa hiyo Leonardo hakuwahi kupaka mchoro ule ukutani. Wapo wasiokubali, wanakuonyesha ile siku ya mvua katika daftari lake, anaposema ameanza kupaka. Mimi nadhani kilichokuwepo, kama kilikuwepo, kilikuwa kidogo na kibovu, na kwamba karatasi yake kubwa ndiyo watu waliyoinakili.

Maana jambo linalosahaulika ni hili: picha maarufu ya farasi wale, iliyomo Louvre mjini Paris, inahusishwa na Rubens. Rubens alizaliwa mwaka 1577. Alipofika Italia, ukuta ulikuwa umeshafunikwa miaka mingi. Alichukua mchoro wa mtu mwingine wa kabla yake akaurudia kwa mkono wake mwenyewe, akaongeza nguvu na hasira. Kwa hiyo unapokiona kile tunachokiita Vita vya Anghiari, unaona kumbukumbu ya kumbukumbu. Risiti ya kwanza imepotea. Halafu picha hiyo ikaingia kwenye vitabu, kwenye kadi za posta, kwenye magazeti ya sehemu za kusubiri daktari.

Wanaopata kweli hupataje?

Michoro iliyopotea hupatikana, ila kwa njia isiyo na mahaba. Mwaka 2019 huko Compiègne, Ufaransa, bibi mmoja alikuwa anahama nyumba. Karibu na jiko lake ilitundikwa picha ndogo, ndogo kuliko karatasi ya A4, ambayo familia ilidhani ni sanamu tu ya kidini ya mashariki. Mtu wa mnada aliyekuja kutazama vyombo aliishuku. Ilikuwa kazi ya Cimabue, mchoraji wa Florence wa karne ya 13, mmoja wa waliofungua njia ya Renaisansi.

Walijuaje? Walitumia mionzi ya infraredi, ambayo inapenya tabaka za juu za rangi na kuonyesha mistari ya chini. Lakini ushahidi ninaoupenda mimi ni wa wadudu. Kipande hicho kiliwahi kuwa sehemu ya ubao mmoja wa mpopla pamoja na vipande vingine, kimoja kiko London na kingine New York. Wadudu watoboao mbao walipita katika ubao ule kabla haujakatwa. Vijia vyao vinaanza katika kipande kimoja na kuendelea katika kingine. Mghushi anaweza kuiga mkono wa Cimabue. Aige vipi njia ya mdudu?

Picha iliuzwa kwa zaidi ya euro milioni 24, na baadaye ikaingia Louvre. Hakuna aliyeiota. Ilikuwa mbele ya macho yao miaka yote, ikipikiwa mchuzi.

Ukiamka nayo

Tuseme basi usiku wa leo unaota picha, ni kali, inang'ang'ania, na unaamka ukiamini umeoteshwa. Usikimbilie simu. Ukitafuta mtandaoni kwanza, utaona picha zinazofanana, na kumbukumbu yako ya ndoto itajirekebisha ifanane nazo bila wewe kujua. Chukua karatasi. Chora unachokumbuka, hata kama huwezi kuchora. Andika tarehe na ulichofanya siku mbili zilizopita. Baada ya hapo ndipo utafute.

Albrecht Dürer alifanya sehemu kubwa ya hayo karne tano zilizopita. Usiku mmoja wa Juni 1525, mchoraji huyu wa Nuremberg, Ujerumani, aliota maji mengi yakianguka kutoka mbinguni. Yale ya kwanza yaligonga ardhi mbali kidogo na alipokuwa, kwa kishindo kikubwa, na hofu ikamwamsha. Asubuhi alichukua rangi za maji akachora alichokiona: nguzo za maji za rangi ya buluu zikishuka juu ya tambarare. Chini yake akaandika maelezo kwa mkono wake: ni usiku gani, maji yaliangukia umbali gani, na jinsi mwili ulivyomtetemeka. Kisha akatia saini.

Karatasi hiyo iko Vienna, Austria, na kwa sababu aliiandika vizuri tunaweza hata kuitafutia risiti. Kwa miaka mingi wanajimu wa Ulaya walikuwa wametangaza kwamba Februari 1524 sayari zitakutana katika nyota ya Samaki na gharika itafunika nchi. Vijitabu vya kutisha, vyenye picha za maji yakimiminika juu ya miji, viliuzwa masokoni kila mahali, na Nuremberg ulikuwa mji wa wachapishaji. Februari ilipita, gharika haikuja. Ilimfikia Dürer mwaka mmoja na miezi minne baadaye, akiwa kitandani.